Dar es Salaam: Mtaa wa kulala huchaguliwa kwa shughuli, si kwa bei ya chumba

MGENI anayekuja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza swali moja kabla ya safari: chumba cha bei nafuu kinapatikana wapi? Ni swali la haki, maana fedha ya safari ina mipaka yake. Lakini katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia wakazi 5,383,728, na ambalo limetanda kutoka Bunju upande wa kaskazini hadi Kongowe upande wa kusini, na kutoka ufukweni hadi Kibamba na Chanika, swali hilo linapaswa kuwa la pili. La kwanza ni kujua asubuhi mgeni huyo anatakiwa awe wapi, na saa ngapi.

Mfanyabiashara anayefuata bidhaa Kariakoo, ndugu anayemsindikiza mgonjwa Muhimbili, kijana anayekwenda ubalozini kuomba viza na familia inayopita ili kupanda boti ya Zanzibar hawawezi kupewa ushauri wa aina moja. Chumba kizuri cha Mbezi Beach, chenye upepo wa bahari na maji ya moto, ni chumba kibaya kwa mtu mwenye miadi ya kliniki Upanga saa moja asubuhi. Vivyo hivyo, chumba kilicho katikati ya Kariakoo, hata kingekuwa kisafi namna gani, ni adhabu kwa mtu aliyekuja kupumzika.

Chagua barabara kabla ya mtaa

Sura ya jiji hili ilichorwa zamani. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, na Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, watu waligawanywa kwa rangi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi ili kutenganisha. Ubaguzi ule umekwisha, lakini ramani yake haikufutika. Ofisi kubwa, bandari na hospitali za zamani zimebaki upande wa bahari; biashara ya rejareja na ya jumla imejaa Kariakoo; nyumba zenye bustani pana ziko Oysterbay na Masaki.

Kutoka katikati, jiji hutawanyika kwa barabara kuu nne. Ya Ali Hassan Mwinyi, inayoendelea kuwa ya Bagamoyo, inakwenda kaskazini kupitia Morocco, Makumbusho, Mwenge na Tegeta. Ya Morogoro inakwenda magharibi kupitia Magomeni, Ubungo, Kimara na Mbezi. Ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita ya Pugu, inapita Tazara na kufika uwanja wa ndege. Ya Kilwa inakwenda kusini kupitia Kurasini na Mbagala. Barabara za Mandela na Sam Nujoma huziunganisha kwa nje, kutoka bandarini hadi Mwenge kupitia Tazara na Ubungo.

Mwenye kuijua ramani hiyo ndogo amekwisha kujiokoa nusu ya usumbufu. Akilala kwenye barabara ileile iliko shughuli yake, atapanda gari moja. Akilala kwenye barabara nyingine, huenda akalazimika kuingia mjini kwanza kisha atoke tena, na hapo ndipo saa mbili hupotea bila maelezo. Jambo la kukumbuka ni kwamba foleni ina mwelekeo: asubuhi magari humiminika kuingia katikati, jioni hutoka. Mgeni aliyelala Posta mwenye shughuli Mwenge husafiri kinyume cha wengi na hufika mapema. Aliyelala Mwenge mwenye shughuli Posta hukaa foleni pamoja na jiji zima.

Aliyekuja kwa ajili ya mgonjwa

Wageni wengi hawaji Dar es Salaam kutembea, bali huja na bahasha ya rufaa mkononi. Hawa ndio wanaoumizwa zaidi na uchaguzi mbaya wa mtaa, kwa sababu hawajui watakaa siku ngapi, na kila shilingi waliyonayo ina kazi nyingine.

Kabla ya kutafuta chumba, barua ya rufaa isomwe vizuri. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kampasi mbili. Ile ya zamani iko Upanga, katikati ya jiji, na katika eneo hilohilo ziko Taasisi ya Mifupa, yaani MOI, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Nyingine ni Mloganzila, iliyozinduliwa Novemba 2017 na kuwekwa chini ya Muhimbili mwaka 2018. Mloganzila iko mbali kabisa, upande wa Kibamba, nje ya Barabara ya Morogoro. Familia iliyosikia neno "Muhimbili" ikapanga chumba Kariakoo, kisha ikaambiwa mgonjwa anatibiwa Mloganzila, huvuka jiji zima kila siku kupeleka uji. Kwa Mloganzila, mahali pa kulala ni Kibamba au Mbezi. Hakuna haja ya kuingia mjini hata kidogo, na anayetoka mikoani kwa basi huwa hata hajapita kituo kikuu cha mabasi anapofika Kibamba.

Mwenye mgonjwa wa saratani huelekezwa mara nyingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo ufukweni kwenye majengo yaliyoanzia enzi za Wajerumani. Tiba ya mionzi huweza kuchukua wiki kadhaa, mgonjwa akihudhuria siku baada ya siku bila kulazwa. Hapo swali halihusu usiku mmoja tena. Chumba cha kulipia kwa siku kitamaliza akiba kabla tiba haijaisha. Ni afadhali kutafuta chumba cha kupanga kwa mwezi, au hosteli za mashirika ya dini, au kuwauliza maofisa ustawi wa jamii wa hospitali husika, ambao kazi yao ni pamoja na kujua wagonjwa wa mbali wanakoweza kufikia. Wengi hawaendi kuwauliza kwa sababu ya haya. Waende.

Kwa Muhimbili ya Upanga, mitaa inayofaa ni mitatu. Upanga yenyewe iko jirani, ina utulivu, lakini vyumba vya bei ya chini ni vichache. Kariakoo, hasa upande wa Jangwani na Msimbazi, iko karibu kiasi cha kutembea kwa mwenye miguu mizima, na ina nyumba za kulala wageni za kila daraja. Magomeni iko ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Ni nafuu zaidi, ina chakula cha bei ya chini asubuhi na usiku, na mtu hufika hospitali kwa gari moja au bajaji.

Hesabu yenyewe ni rahisi, ingawa watu huisahau. Chukua mfano wa kukadiria tu: chumba cha Sh15,000 pembezoni mwa jiji na chumba cha Sh25,000 karibu na hospitali. Anayetazama bei ya chumba peke yake ataona ameokoa Sh10,000. Lakini msindikizaji huenda hospitali asubuhi na jioni, na pengine huitwa katikati ya mchana kununua dawa au kutia saini. Siku daladala zikichelewa, bodaboda moja ya kwenda na moja ya kurudi zitakula ile akiba yote, na bado mgonjwa atakuwa amemngoja. Juu ya fedha upo uchovu, na msindikizaji aliyechoka huanza kukosa saa za kumwona mgonjwa, akabaki getini na chupa ya chai mkononi.

Nyumbani kwa ndugu au gesti?

Hili ni suala gumu kuliko bei, na magazeti hulizungumza kwa nadra. Karibu kila mtu wa mikoani ana ndugu Dar es Salaam: mjomba, shangazi, mtoto wa mama mdogo, au walau jirani wa kijijini. Kufika jijini na kulala gesti wakati ndugu yupo huonekana kuwa ni kumkana. Hata hivyo, ndugu huyo aghalabu amejenga pale kiwanja kilipopatikana kwa bei aliyoimudu: Chanika, Goba, Kivule, Bunju, Mbagala ya ndani, Kibamba. Kutoka huko mpaka Upanga mwenyeji mwenyewe huamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumba ya vyumba viwili, yenye watoto wa shule na maji ya kununua kwa dumu, huupokea ugeni kwa furaha siku ya kwanza. Kufikia wiki ya tatu furaha ile huwa imegeuka mzigo ambao hakuna anayethubutu kuutaja. Njia ambayo familia nyingi zimeiona kuwa ya heshima ni hii: kufikia kwanza kwa ndugu usiku wa kuamkia Jumapili, kumsalimu, kumkabidhi mchele au ndizi zilizotoka nyumbani, kumweleza hali ya mgonjwa, kisha kumwambia mapema, tena mbele ya mkubwa wa familia, kwamba siku za kliniki msindikizaji atalala karibu na hospitali. Ndugu akihusishwa katika kuutafuta mtaa na kuikagua gesti, hajisikii amekataliwa. Kinachouma ni kusikia kwa watu wengine kwamba shemeji yuko mjini tangu juzi.

Mgonjwa mwenyewe, akiruhusiwa kutoka wodini lakini akatakiwa kurudi baada ya siku kumi, ni jambo jingine. Hapo nyumba ya ndugu yenye utulivu na uji wa saa zote hushinda chumba chochote cha kulipia, hata ikiwa mbali.

Kariakoo na watu wa mzigo

Jina Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na tangu hapo eneo hili halijaacha kubeba. Soko lake kuu, lililosanifiwa na msanifu majengo Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, liliungua usiku wa Julai 10, 2021, lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikusimama. Wanaokuja kununua hawatoki Tanzania peke yake: Wakongo wa Lubumbashi, Wazambia, Wamalawi, Wakomoro, Warundi na Wanyarwanda hukutana katika maduka ya Mtaa wa Kongo, Sikukuu, Aggrey na Likoma.

Kwa mnunuzi wa namna hiyo, kulala nje ya Kariakoo ni hasara. Anahitaji kuweka mzigo chumbani mara tatu au nne kwa siku, kurudi dukani kubadilisha rangi au saizi, na kuwa karibu na mahali magari ya mizigo yanapopakia jioni. Anachopaswa kuuliza mapokezi si televisheni; aulize kama lifti inafanya kazi, kama kuna chumba cha kufungia mizigo, na nani hubaki na ufunguo. Ghorofa ya nne isiyo na lifti ni bei ya wachukuzi kila safari.

Ubaya wa Kariakoo ni kelele, joto na msongamano. Vipaza sauti vya wauza nguo huanza mapema. Makao ya klabu ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, hivyo usiku wa mechi ya watani asitarajie mtu kulala. Isitoshe, Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapo likiwa na wafanyabiashara ndani, na watu wakafa. Tangu hapo si woga wa kupita kiasi kwa mgeni kuikwepa hoteli ambayo jengo lake, au la jirani yake, linachimbwa chini au kuongezwa ghorofa.

Fedha taslimu nyingi zisitembezwe mtaani. Wenyeji hulipa kwa simu au hupitia benki, na mgeni afanye hivyo.

Posta, na wanaopita njia

Katikati ya jiji wenyeji hupaita Posta, na daladala huandikwa hivyo. Panamfaa anayepanda boti ya Zanzibar, mwenye shughuli bandarini, benki au mahakamani Kisutu, na tangu mwaka 2024 panamfaa pia abiria wa treni ya umeme. Treni hiyo ilianza kwenda Morogoro Juni 14, 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, na stesheni yake iko mjini, jirani na ile ya zamani ya Reli ya Kati. Anayeshuka hapo usiku anaweza kulala Kisutu au Mnazi Mmoja bila kuvuka jiji. Vyumba ni ghali kuliko Magomeni, na baada ya maduka kufungwa mitaa kama Samora hubaki mitupu; anayetoka kula usiku atembee penye watu au achukue bajaji.

Mwenye shughuli za wizarani athibitishe kwanza kama ofisi anayoifuata bado iko Dar es Salaam. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wizara zimeondoka, na watu wameendelea kuja huku kufuata meza zisizokuwapo.

Sinza, Mwenge na Kijitonyama

Ukanda huu una nyumba za kulala wageni nyingi mno, na kuna sababu. Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni zilipimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Barabara zikanyooka, viwanja vikawa vya wastani, na baadaye wenye nyumba wakageuza uani na ghorofa kuwa vyumba vya kulipia. Mwenye shughuli Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani City au Ubungo hatapata mahali pazuri zaidi. Usafiri ni mwingi na chakula hakikosekani usiku.

Lakini Sinza ni pia mtaa wa baa. Gesti mbili zinazotazamana zinaweza kuwa tofauti kama usiku na mchana: moja ya familia na wasafiri, nyingine ikiishi kwa wateja wa saa mbili tatu. Dalili ni rahisi kuisoma. Palipobandikwa bei mbili, ya kupumzika na ya kulala, mlango utagongwa na kufungwa usiku kucha. Mama anayesafiri na watoto, au binti aliyekuja kwenye usaili, atafute nyumba iliyo mtaa wa ndani, isiyo na baa chini yake, ambayo mapokezi huandika wageni kwenye kitabu na kudai kitambulisho. Udadisi huo wa mapokezi si usumbufu, bali ni ulinzi.

Masaki, Oysterbay na Mikocheni ni za mwenye fedha, au mwenye shughuli za balozi na mashirika ya kimataifa. Ubalozi wa Marekani uko Msasani, ulikojengwa upya baada ya ule wa awali kulipuliwa kwa bomu Agosti 7, 1998. Mwombaji viza asiyekuwa na uwezo wa hoteli za Masaki hana haja ya kuhangaika: Mwananyamala, Kinondoni na Kijitonyama ziko jirani kwa bajaji na bei zake ni za kawaida. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, limepunguza adha ya kutoka Masaki kwenda upande wa Aga Khan na Ocean Road, lakini daladala za kuingia ndani ya rasi ya Msasani ni chache kuliko kwingine.

Anayetaka bahari na mapumziko aende Mbezi Beach, Kunduchi au Kigamboni. Kigamboni hufikiwa kwa pantoni kutoka Magogoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, ambalo magari huyalipia. Si mahali pa kulala kwa mtu mwenye miadi ya asubuhi mjini, kwa kuwa foleni ya pantoni haina huruma.

Wakati wa maonyesho ya Sabasaba, mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, vyumba vya Temeke, Chang'ombe na Kurasini hujaa. Mwenye banda aweke nafasi wiki kadhaa kabla, ama sivyo atalala Mbagala na kugombea gari kila asubuhi.

Majina yanayopotosha

Mgeni anayeelekezwa kwa simu ajihadhari na majina. Mbezi ziko mbili: Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo karibu na bahari, Mbezi Luis, ambayo ndiyo yenye kituo cha mabasi ya mikoani, iko Barabara ya Morogoro. Kati yake kuna mwendo mrefu, na dereva asiye mwaminifu hatamsahihisha aliyekosea. Makumbusho nayo ni mbili: kituo cha daladala cha Makumbusho kiko Kijitonyama, jirani na Kijiji cha Makumbusho, ilhali Makumbusho ya Taifa yako mjini, Mtaa wa Shaaban Robert. Kinondoni ni manispaa nzima, lakini pia ni mtaa mmoja; tangazo la chumba "Kinondoni" laweza kumaanisha Tegeta. Ubungo vivyo hivyo. Ajuaye kuuliza husema: karibu na kituo gani cha daladala, na kutoka hapo natembea dakika ngapi? Jibu likiwa "panda bodaboda", basi gharama ya bodaboda iongezwe kwenye bei ya chumba.

Siku ya kufika

Wengi bado hukariri Ubungo. Kituo cha mabasi cha Ubungo kiliacha kazi hiyo, na tangu Februari 2021 mabasi ya mikoani huishia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta. Na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, mtu huweza kushushwa hapo saa nane za usiku. Anayefika saa hiyo na mizigo asijaribu kuvuka jiji. Zipo gesti jirani na kituo. Alale hapo, aingie mjini kukipambazuka. Wapigadebe watamzunguka wakijua gesti, wakijua teksi, wakijua kila kitu. Teksi ichukuliwe yenye namba na utambulisho, na nauli ikubaliwe kabla mzigo haujaingia ndani. Teksi bubu zimewagharimu wageni zaidi ya nauli.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani, ndiyo yaliyowafanya wengi wachague Magomeni na Kimara. Hata hivyo huduma hiyo hukatika: mvua kubwa ikinyesha, maji ya mto Msimbazi hufunika barabara Jangwani na njia hufungwa. Kwa hiyo kila anayelala upande mmoja wa bonde hilo akiwa na miadi upande wa pili, katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli mwishoni mwa mwaka, awe na njia ya pili. Mwenye mgonjwa wa upasuaji asubuhi ya masika ni bora alale upande uleule wa hospitali usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mvua huamua pia gesti yenyewe. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu na kuwahamisha wengi wa bondeni hadi Mabwepande, na maeneo ya chini ya Jangwani, Kigogo, Mkwajuni na Hananasif yameendelea kuingiwa na maji miaka iliyofuata. Chumba cha bei ya kutupa kilicho bondeni kina sababu ya kuwa cha bei hiyo. Alama ya maji ukutani, urefu wa goti kutoka sakafuni, inaonekana hata baada ya kupakwa rangi.

Kukikagua chumba

Kabla ya kulipa, mgeni aombe kukiona chumba, tena si kile cha maonyesho bali kile atakacholala. Afungue bomba, na aulize kama kuna tangi la akiba, kwa kuwa mgawo wa maji si jambo geni. Aulize kuhusu jenereta, hasa ikiwa mgonjwa anatumia mashine ya kupumulia au dawa ya kuwekwa kwenye jokofu, kama insulini. Atazame chandarua kama kimetoboka. Jiji hili lina malaria, na milipuko ya homa ya dengi ya mwaka 2014 na 2019 ilionyesha kuwa mbu wa mchana nao ni wa kuogopwa. Mgonjwa wa mifupa asipewe chumba chenye choo cha kuchuchumaa wala ngazi, na hilo lisemwe kwenye simu kabla ya kufika, si mlangoni.

Alipe usiku mmoja kwanza, hata akikusudia kukaa kumi. Ukipita salama, hapo ndipo azungumzie bei ya wiki, ambayo wenye gesti wengi huipunguza bila kusihiwa sana, na adai risiti. Usiku wa mwisho, kama basi lake ni la alfajiri, ahamie Mbezi na mizigo yake jioni ileile, kabla ya foleni ya watu wanaotoka kazini.